Vipele vya Ketrina

Jumanne, 12 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi.

Baba Ketrina,

Nimempeleka mtoto zahanati. Maharage yameiva, uyaunge tu.

Asubuhi Mama yako alileta tena bakuli la manjano na mafuta ya nazi, ile dawa ya Kihindi aliyofundishwa Tunduma. “Hilo ni joto la damu, mkamwana,” akasema. Nikamwomba asubiri. Kwenye darasa la jioni la afya tulifundishwa kuitazama ngozi kabla ya kuipaka kitu. Nikasali, nikamvua Ketrina nguo. Vipele vimeishia pale fulana inapoishia. Mikono na miguu ni safi. Nikainusa fulana. Inanuka dawa ya wadudu wa kahawa.

Jumamosi Mama aliianika juu ya mibuni, kama siku zote. Wewe ulikuwa umeipulizia dawa asubuhi ile na hukumwambia mtu. ~~Ungekuwa na akili~~ Ungesema tu.

Nimemwogesha kwa sabuni na maji mengi, nikamkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Jani la alovera lililo kwenye sahani usilitupe, nitamuuliza nesi kama linafaa. Nguo zote za mtoto zifuliwe upya, zianikwe kwenye kamba. Kamba ufunge wewe, leo.

Mama amelia. Nimemwonyesha fulana, lakini bado anadhani manjano yake nayo yamemdhuru mjukuu. Mwambie ukweli, kwamba ulipulizia bila kusema, kabla sijarudi.

Mimi nimeahidi kwa sauti, mbele yake na jirani yetu Recho, kwamba sitampaka mtoto kitu kabla ya kumkagua mwili mzima. Mama naye akasema, “Na mimi sianiki tena kwenye mibuni.” Ahadi yako tutaisikia mezani jioni, kabla ya sala ya chakula. Recho nimemwalika.

Mama Ketrina