Kioo cha Bi Safi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, umgawie shemeji, na nyingi zaidi umpe huyo binti yenu ambaye bado sijamwona. Natumaini mgongo uliokusumbua tangu ujifungue umetulia, na shemeji sasa anamfunga mtoto nepi bila kuikaza kama anafunga mzigo wa kuni. Mimi ni mzima. Mzima kweli, na mbele utaona kwa nini nalirudia neno hilo.

Najua umeninunia. Shemeji aliniambia ulivyosema kwamba mwanao hana mama mdogo, kwamba nimevaa koti jeupe nikamsahau aliyekuwa akinifulia sare za shule. Yalinichoma, lakini sikukulaumu. Niliahidi kuja kumpokea mtoto, kisha nikawa natuma visingizio vya kazi mwezi baada ya mwezi. Hata mimi ningenuna.

Sasa nikusimulie ya hapa maabara. Tunachunguza makohozi ya watu wenye kikohozi kisichokoma. Tunayapaka kwenye kioo chembamba, tunayatia rangi, kisha tunatazama kwa hadubini. Bakteria wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vyekundu katikati ya buluu. Ila rangi nayo huweza kudanganya, ndiyo maana kila kundi la vioo tunaliambatanisha na viwili tunavyovijua: kimoja cha mgonjwa, kimoja cha mtu mwenye afya. Hicho cha pili, tangu nianze kazi, ni kohozi langu. Wenzangu wakanibandika jina la Bi Safi, nami nikavimba kichwa kwa sifa ya makohozi!

Siku ya safari ya kuja kwako nilipita kazini asubuhi, begi mkononi, kwa sababu akiba ya vioo vyangu ilikuwa imekwisha na sikutaka wenzangu wakwame. Mzee wetu wa hadubini, tunayemwita Babu Lenzi kwa unene wa miwani yake, alivitia rangi, akatazama, akasema huenda vioo vimechanganyika. Niliwafokea wote: aliyeviosha, aliyechuja rangi, hata aliyesimama mlangoni na chai yake. Tukarudia kwa vioo vipya na rangi mpya. Safari hii Babu Lenzi alisogeza kiti chake, akaniachia nitazame mwenyewe.

Vijiti vyekundu, dada. Vyangu. Kale kakohozi nilikokasingizia vumbi, na sketi zilizokuwa zikinipwaya nikijisifu kwamba nimepata umbo, vyote nilivielewa palepale. Kweli kinyozi hajinyoi. Begi lilibaki chini ya meza na basi likaondoka bila mimi.

Nimemeza dawa miezi sita. Wenzangu walipimwa wote, wakatoka salama, na hakuna hata mmoja aliyenikimbia. Babu Lenzi alinisimamia kila asubuhi nikimeza vidonge, na dawa ilipougeuza mkojo wangu kuwa wa rangi ya machungwa alinitania kwamba nifungue kiwanda cha soda. Sijui nitamlipa nini mzee yule. Daktari naye aliniambia mapema kwamba baada ya majuma machache ya dawa sitaambukiza tena. Akili ilikubali, moyo ukagoma. Kila nilipojiona nimempakata mwanao, niliviona vile vijiti.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Nilipougua surua utotoni ulikatazwa kulala na mimi, ukalala, ukaipata. Safari hii ungemfunga mtoto mgongoni ukaja kuniuguza, na hakuna mume wala daktari ambaye angekuzuia. Nikaona heri uninunie ukiwa mbali.

Jana Babu Lenzi alitazama kioo changu cha mwisho. Buluu tupu. Alikichukua akakiweka kwenye kisanduku cha vioo vya mfano, mahali pake pa zamani, nami nikalia mbele ya watu bila aibu. Namshukuru Mungu, nawashukuru wenzangu, nakushukuru na wewe, maana ni safari ya kuja kwako iliyonifikisha mbele ya hadubini asubuhi ile. Ningechelewa kidogo kujua, ningemkumbatia mwanao kwanza.

Nakuja Jumamosi. Kugombana tutagombana, nimejiandaa, ila nikifika mlangoni nipe mtoto kwanza. Msalimie shemeji, umbusu binti kwa niaba yangu mara hii ya mwisho, kuanzia Jumamosi nitambusu mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mama mdogo wa mwanao