Mkono Uliotoka Chini ya Mkeka

Mama mkwe wangu,

Hii ni mara ya kwanza nakusemesha bila mtu katikati yetu. Miaka tisa ya uhai wako nilikuwa mume wa binti yako Anesi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukuamkia ana kwa ana. Ukija kwa njia, mimi nilikata kushoto nikaingia mahindini. Nikifika uani, wewe ulijifunika nguo ukakimbilia jikoni. Ndivyo tulivyolelewa huku Chapwa: mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutoonana, mpaka siku wazee watakapokaa, jembe na kuku vitolewe, na mwiko uondolewe. Kwa Kinamwanga ningelazimika kukuita kwa wingi, kana kwamba umekaa na wenzako kumi. Kiswahili kimenihurumia, kinaniruhusu kusema wewe. Unisamehe nikizoea haraka.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo la siku yako ya mwisho ambalo sijamwambia Anesi, na linanila. Sababu ya pili ni watu wanaokuja zahanati ya Tunduma, ambako bado ni dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano. Juzi mzee mmoja alinieleza, kwa sauti ya chini, kwamba mkewe siku hizi analala mno na ananuka pombe, naye hajawahi kunywa. Niliacha bandeji mkononi mwa mgonjwa nikamfuata mzee yule kwake mbio. Njiani nilikuwa nakuona wewe.

Kwako ilianza na maji. Anesi alinisimulia akicheka kwamba mama anamaliza mtungi kabla ya adhuhuri, kisha anatuma watoto tena mtoni. Akasema unakonda. Akasema nyuma ya nyumba, pale unapojisaidia, sisimizi wamefanya makao. Mimi nilisikia yote hayo nikaendelea kula ugali wangu. Ugonjwa wa sukari nilikuwa nimefundishwa mara moja tu kwenye mafunzo, tena mchana wa joto, nikadhani ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi wenye maduka.

Kisha ikaja harufu. Wewe uliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, uliyeacha pombe ya ulezi tangu ubatizo, ulianza kunuka kilabu. Wazee wawili wa kanisa walikuja kusali nawe, wakatoka wakinong'ona, na Jumapili iliyofuata wakakutenga na meza ya Bwana. Ulikana, hawakuamini. Siwalaumu sana, maana pua zao ziliwaambia hivyo. Ninachokilaumu ni kilichofuata. Mabinti zako wakaanza kufunga mlango kila akija mgeni, wakasema mama ana mafua, mama amepumzika. Walikuwa wanaficha ugonjwa huku wakidhani wanaficha dhambi, na kila siku uliyofichwa ulizidi kuzama.

Mchana mmoja Anesi akatokea zahanati, miguu imejaa vumbi.

"Mama haamki," akasema.

"Haamki vipi?"

"Nikimwita anafungua jicho moja, analifunga. Jana alitapika kutwa na kushika tumbo. Leo anahema kama mtu aliyepanda mlima, na hali amelala." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Na ile harufu imezidi. Mume wangu, mimi namjua mama yangu. Hanywi."

Nilipofika kwako, kaka yako alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na ubaya, mjomba wetu yule, alikuwa analinda adabu ya nyumba. "Wewe huingii, mkwe," akasema, kama anayenikumbusha nivue kofia. Basi nikasimama chini ya upenu, nikaugeuzia mlango mgongo, nikawa nakutibu kwa kuuliza ukuta. Ngozi yake? Kavu, Anesi akajibu kutoka ndani. Ulimi? Mkavu, umepasuka. Harufu ni ya pombe au ya ndizi zilizoiva zikapitiliza? Akanusa tena. "Ya ndizi," akasema. "Zile zilizoanza kuchacha."

Nikamwomba akinge mkojo wako kwenye kikombe. Nikauchanganya ndani ya kichupa na dawa ya buluu ya kupimia mkojo niliyokuja nayo, nikauchemsha kwenye mafiga, na mjomba akachuchumaa kutazama. Ikageuka kijani, ikawa njano, ikatulia kwenye rangi ya tofali.

"Hiyo ni damu?" akauliza.

"Ni sukari, mjomba. Imejaa mwilini lakini mwili umeshindwa kuitumia, sasa unachoma mafuta yake wenyewe. Mnachosikia mkakiita pombe ni moshi wa moto huo."

Mjomba akainuka. Alikwenda mwenyewe kusimama katikati ya barabara kuu, akasimamisha lori lililotoka ng'ambo, Rodesia, likielekea Mbeya. Ulipandishwa nyuma pamoja na binti zako, umefunikwa uso ili mimi nisikuone. Mimi nilikaa mbele na dereva, sikio langu lote liko nyuma, na kila lori liliporuka kwenye shimo nilisubiri kilio. Niliogopa safari ile, mama, kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

Hukufa. Hospitalini walikutia maji kwa mpira mshipani na wakakuchoma insulini mchana kutwa, na siku ya tatu ukafungua macho. Anesi alitoka barazani analia na kucheka pamoja. Neno lako la kwanza, akasema, lilikuwa, "Mkwe wangu amekula?"

Watu hudhani mtu akiamka amepona. Wewe ulichukua wiki nyingi. Uliona ukungu, magoti yalikukataa, na wajukuu zako uliwachanganya majina, ukakasirika ukisahihishwa. Daktari akatuketisha, mimi na mjomba, akatuonya. Sindano kila asubuhi, maisha yake yote. Akitoka jasho, akitetemeka na kusema ovyo, mpeni maji ya sukari upesi, sindano imemzidi. Lakini kiu ikirudi, akitapika, akihema kwa nguvu, harufu ile ikirudi, msingoje hata saa moja. Na jambo ambalo watu hukosea sana, akasema, ni siku mgonjwa anapoumwa ugonjwa mwingine akashindwa kula. Siku hiyo msiache sindano kwa kichwa chenu. Siku hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Nani akuchome? Anesi alijaribu mara mbili, nawe ukasema hutaki kutobolewa na mtu uliyemnyonyesha. Nikabaki mimi. Wazee wakakaa, wakakuna vichwa, wakatoa shauri: mkeka. Uliangikwa chumbani kwako kutoka kwenye boriti, ukakata chumba katikati, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipiga magoti upande huu nikiwa na sindano iliyochemshwa, nawe upande ule ukapitisha mkono chini ya mkeka.

Mkono ule niliujua, mama. Kovu la uji wa moto karibu na kiwiko, na alama ya bangili uliyoivua ulipobatizwa. Niliujua ukiwa umekonda, nikauona unajaa tena. Anesi alikaa kwenye ukingo wa mkeka kupeleka maneno ambayo sote wawili tulikuwa tumekwisha kuyasikia. "Mwambie mumeo leo sindano yake ina hasira." "Mama anasema sindano yako ina hasira." "Mwambie mama sindano haijapata chai." Ukacheka, na mimi nikajifanya nangoja Anesi aniambie kwamba umecheka. Wazee wa kanisa walipokuja kukuomba radhi, nasikia uliwaandalia chai isiyo na sukari, ukawaambia wazoee. Nilikupenda kwa hayo. Sikuwa na njia ya kukuambia.

Mwaka wa pili ulituma neno. "Mwambie mumeo tuondoe mwiko huu, nimechoka kutoa mkono kama mfungwa." Mjomba akasema haiwezekani, mkwe mkubwa ndiye hutangulia, naye, mume wa dada yake Anesi, yuko machimboni Rodesia, angojewe arudi. Ningeweza kubisha. Ningeweza kumwandikia mkubwa wangu yule barua akatoa ruhusa. Sikufanya hivyo, na sababu yake si nzuri. Watu walikuwa wananisifu Chapwa nzima kwamba hakuna mkwe mwenye adabu kama mimi, na sifa ile ilinikaa vizuri.

Masika yalipofika, tumbo likakushika. Siku mbili hukula kitu. Asubuhi ya pili mkono ulitoka, kisha ukarudi ndani kabla sijaugusa. Jirani zako walikuwa wamekuambia dawa kali haiingii kwenye tumbo tupu, na mjomba akakubaliana nao. Nikasema, kupitia Anesi, kwamba hospitalini walitukataza kuacha. Nilisema mara moja, kwa sauti ya mkwe, macho chini. Dresa angesema mara tatu, angegombana, angebeba mtu. Mimi nilifunga sindano kwenye kitambaa nikaenda kazini.

Kesho yake nilikuja mapema zaidi. Anesi, aliyelala kwako usiku huo, alikuwa ameteremka mtoni kuchota maji, na mjomba alikuwa shambani kutazama mfereji uliopasuliwa na mvua. Nikapiga hodi, nikapiga magoti. Mkono haukutoka.

Hili ndilo ambalo sijamwambia mtu, mama. Nilikusikia. Pumzi ndefu, za haraka, zinavutwa kutoka chini, bila kituo. Nilizijua kabla ya pumzi ya tatu. Kati yangu na wewe kulikuwa na mkeka tu, ambao mtoto angeusukuma kwa kidole. Nami niliinuka, nikatoka nje, nikawasha moto nichemshe sindano iliyokuwa imekwisha kuchemshwa. Nilisema moyoni, nangoja mwanamke yeyote aje aingie. Maji yakachemka. Yakapungua, nikaongeza mengine, yakachemka tena. Nilikuwa natazama njia ya mtoni na kusikiliza pumzi zako pamoja, na hakuna mtu aliyekuja, na bado nikangoja. Mara ya tatu sufuria ilipokauka ndipo nikaingia.

Niliuchana mkeka badala ya kuufunua. Harufu ilijaa chumba. Ulikuwa chali, midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka. Nikakuita mama, bila mkwe. Ukafungua macho, ukanitambua. Sijui nguvu uliitoa wapi, maana mkono ule ulikuwa umeshindwa hata kufukuza nzi, lakini ulivuta nguo ukafunika uso wako. Ulijifunika kwa ajili yangu, nisije nikavunjiwa adabu.

Nilikuchoma. Nikapiga kelele, watu wakaja, tukakufunga kwenye machela ya miti. Njia ilikuwa tope tupu. Kabla hatujafika barabara kuu pumzi zikawa fupi, kisha zikaacha. Anesi alipotukuta njiani akitoka mtoni, ndoo bado kichwani, aliniuliza, "Ulifika saa ngapi?"

Nikasema, "Sasa hivi."

Sijui kama ule muda wa masufuria matatu ungekuokoa. Huenda ulikuwa umekwisha potea tangu jana yake. Hilo najiambia kila siku na halijanisaidia hata siku moja. Siku hizi naingia nyumba yoyote, mama. Nawaambia wakwe wenzangu, watu wazima wenye mvi, waingie, wanuse pumzi ya mgonjwa, wamtazame ulimi, na heshima wataidai akishapona. Wengine wananiona nimeharibika. Yule mke wa mzee wa juzi amelazwa Mbeya, na jana dereva wa lori ameleta salamu kwamba ameomba uji.

Lakini kwangu nyumbani ni kama sijaingia. Uso wako niliuona kitambo kifupi tu, kabla hujaufunika, nacho kilitosha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wewe na Anesi mnafanana. Macho yale, mdomo ule, hata ile mikunjo midogo ya paji, ndivyo vinavyonitazama kila ninapopewa chakula. Anesi amekwisha kuniuliza mara mbili kwa nini siku hizi naongea naye nimeinamisha kichwa, yeye ni mke wangu au ni mama mkwe wangu.

Kusoma hajui. Kesho baada ya ibada nitamsomea barua hii mwenyewe, yote, na lile la masufuria. Nitainua macho nikiisoma. Akitaka kujifunika uso, au akitaka niondoke, itakuwa haki yake.

Lala salama, mama.

Mimi mkweo,
mume wa Anesi