Picha Yangu Imeingia Chuo, Mimi Bado

Shoga, upo? Nimefika huku ugenini, sijui nicheke au nilie.

Jana nashuka tu na masanduku yangu, mpiga picha wa chuo akanidaka. Nikashikishwa vitabu, nikasimamishwa katikati ya watu nisiowajua. "Cheka, kama mmezoeana!" Nikacheka.

Leo nimeenda kujisajili. Karani kabofya weee, kisha akaniambia, "Jina lako halimo kwenye kompyuta. Huna nafasi hapa."

Halimo! Na nyumbani walivyoniaga kwa ngoma na keki, narudije?

Nikageuka asione machozi. Nakutana na uso wangu kwenye skrini kubwa ukutani: "Karibu, hapa ni nyumbani."

USO WANGU!

Nikamwambia, "Dada, yule si mimi?"

Akanitazama, akaitazama skrini. "Yule anacheka."

Yaani, yule anacheka! Ikabidi nicheke, meno yote nje, machozi yanatiririka. Ndipo akamwita bosi wake. Bosi akasema, "Ndiye mwenyewe, mtafute tena." Kumbe jina la baba walikuwa wameliweka mbele ya langu.

Nimepewa chumba. Mama akikuuliza, mwambie nimepokelewa kwa vicheko.