Hita Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Shoga, acha kila kitu usome. Niko zahanati na mama mkwe, mchana kweupe, sote wawili tumevaa nguo za kulalia!

Unaikumbuka ile hita ya dizeli ambayo mume wangu aliapa ataifunga mwenyewe kwenye boti yetu tunamoishi? Leo kaifunga. Kaiwasha. Joto likaja tamu, mama, aliyekuja kututembelea, akavua soksi akaanza kusinzia.

Mara king'ora cha hewa ya sumu kikalia. Unajua bwana alisema nini? "Hicho kibovu." Akakitoa betri. Shoga, AKAKITOA BETRI!

Nikamuuliza, "Bomba la moshi umelitolea wapi?"

Akajifanya anatafuta bisibisi.

"Baba watoto, moshi unatokea wapi?"

"Chini ya kitanda cha mama. Tundu la nje nilipanga kutoboa kesho."

Kesho! Chini ya kitanda cha mama yake mzazi! Nikazima hita, nikafungua madirisha yote, nikamburuta mama hadi nje akiniuliza kama boti inazama.

Daktari kampa hewa ya oksijeni, anasema tumewahi, hana neno.

Bwana naye bado anajitetea: "Lakini mama, joto si ulilisikia?"

Mama kavua kile kifuniko cha hewa usoni. Kanigeukia mimi: "Mwanangu, siku akishika bisibisi tena, nipigie. Nitakuja kumnyang'anya mwenyewe."