Asante ya Nyuma ya Pazia

Wiebke, nimechoka. Nimekaa kwenye ngazi za chuo na soksi tupu, fidla mapajani, viatu bado viko mkononi.

Si unajua usaili wa okestra tunapigia nyuma ya pazia? Wewe ni namba tu. Ukisema hata neno moja, umetolewa. Mimi nikavua mpaka viatu, majaji wasinijue kwa mwendo.

Mara ya nne hii najaribu. MARA YA NNE, Wiebke!

Na leo nilipiga. Hata pale panaponitoaga jasho palitiririka kama maji.

Halafu nikasikia sauti ya mwalimu wangu, Haverkamp: "Asante, namba saba."

Nami, na adabu zangu za kijinga: "Asante, Profesa."

Nimesema. Kwa mdomo wangu huu huu. Nyuma ya pazia!

Nikasikia mtu anaweka kalamu mezani.

Haverkamp akanifuata hadi kwenye korido. "Rike, miaka mitatu nakufundisha, sijawahi kukusikia ukipiga vile. Nafasi ilikuwa yako. Huo mdomo ulikuwa unakuwasha?"

Na unajua nilimjibu nini?

"Asante, Profesa."