Umeme wa Kidole cha Shahada

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Tenga limejaa leo pia. Wenzangu wamerudi na nusu tenga. Wao wanachokoa kaa shimoni kwa fimbo ya kulabu. Mie mkono. Tangu ujana wangu ni mkono. Hapa Maparoni hakuna mwingine wa hivyo, labda makaburini.

Ila kaa mmoja leo alikuwa jitu. Kanibana kidole cha shahada, mkono wa kulia. Gando pana kama kiganja cha mtoto. Kakata ncha na nusu ya ukucha. Nikamtoa hivyohivyo, nikamfunga ukindu, nikamtia tengani. Ndipo nikatazama kidole.

Nimepaka majivu. Naandika kwa kushoto. Herufi zinapepesuka. Mwalimu wetu wa ngumbaru angeona haya.

Jumatano, 4 Agosti

Kinapwita. Mama Saidi kanisukuma mpaka zahanati. Sipendi kusukumwa na mke.

Daktari Eliya ni kijana wa Upareni. Tope letu bado linamshinda, anatembea kama kuku aliyevishwa viatu. Lakini ana adabu. Kaniamkia vizuri. Kaosha kidole, kakifunga kitambaa kibichi cha maji ya chumvi.

Nikamuuliza ncha itaota? Maana kaa nimewaona. Aliyepoteza gando huota jingine, kwanza dogo la kuchekesha, akijivua gamba linakuwa kubwa. Kaa anaota, mie nishindwe?

Kacheka. Kasema kaa ana ufundi wake, mtu naye anao kidogo. Shina la ukucha limebaki, kwa hiyo tamaa ipo. Kisha kaniambia jambo. Mwili una umeme. Mdogo mno, hauwezi kuwasha taa. Ngozi ikichanika, umeme huo unatiririka kuelekea kwenye jeraha, na nyama mpya inaufuata ndiyo ijue pa kuziba. Kafundishwa chuoni.

Umeme! Mwilini mwangu!

"Babu, ngoja, kuna masharti yake."

Nilishafika mlangoni. Mie nikielewa nimeelewa.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeshajua la kufanya. Betri za redio yangu zikichoka naanika juani. Zinarudi na nguvu, nasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Nani hajui hilo? Basi kidole nacho umeme wake umechoka. Kinataka jua.

Nimefungua kitambaa cha daktari. Kibichi, baridi. Nani huanika betri zimelowa? Kijana kasoma sana lakini hilo halikumjia.

Nimekaa uani, mkono juu ya kipande cha bati, betri pembeni. Mama Saidi kauliza nakausha nini. Nimemwambia haya mambo ya elimu, yeye aangalie wali wake.

Ijumaa, 6 Agosti

Msikitini Shomari kaona kidole kiko wazi. Huyu ni mvuvi mwenzangu wa kaa, mtu wa fimbo. "Bwana wee, unakianika kama ng'onda? Usisahau kukitia chumvi." Watu wakacheka mbele ya nyumba ya Mungu. Nikamwambia kaa wakiiona kulabu yake nao hucheka hivyohivyo.

Kwenye tahiyatu nilipokiinua kilitetemeka. Nadhani ni umeme.

Jumapili, 8 Agosti

Kimekauka. Kigumu kama gome la mkoko. Nimezunguka kijiji kizima nikiwaonyesha. Nimewaeleza habari za umeme wa mwili, wameacha kazi zao wakinisikiliza. Ningesoma zaidi ningekuwa mtu mkubwa serikalini.

Jumanne, 10 Agosti

Gome limepasuka. Chini yake usaha. Kidole kimevimba, kinang'aa kama biringani.

Betri zimepona, redio inasema vizuri. Kidole hapana. Jua ni lilelile, bati ni lilelile. Sielewi. Nimeongeza jua.

Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimekwenda mtoni, nimerudi. Nimekwenda kwa Shomari, nimerudi kabla hajafungua mlango.

Alhamisi, 12 Agosti

Homa. Kwapa linauma. Mama Saidi nimemkataza kumwita mtu.

Ijumaa, 13 Agosti

Kamwita. Kwa mara ya kwanza sikwenda swala ya Ijumaa.

Daktari kaja na viatu mkononi, tope mpaka magotini. Kaona bati. Kaona betri. Kaweka viatu chini. 

"Babu, nani kakwambia ukianike?"

"Wewe. Wewe si ndiye uliyesema umeme?"

Kashika kichwa. Kisha kanieleza taratibu, na safari hii sikuwa na miguu ya kukimbia. Umeme wa mwili si wa betri. Haupiti pakavu. Unapita kwenye majimaji ya mwili, yale yenye chumvi. Kitambaa kilikuwa kibichi ili jeraha lisikauke na umeme upate njia. Mimi nimelikausha, njia nimeifunga kwa mkono wangu, na uchafu ukaingia kwenye nyufa. Hayo ndiyo masharti aliyotaka kunipa.

Kakata nyama iliyooza. Sikupiga kelele. Kachoma sindano. Kasema uvimbe ukipanda mkononi tunapanda boti, kisha gari mpaka Kibiti, huko kidole kitatolewa chote.

Kidole cha shahada. Nimekiinua kwenye kila sala tangu sijabalehe. Nikimshuhudia Mola wangu, niinue nini? Kigutu? Nimemwambia daktari. Yeye Mkristo, lakini hakucheka. Kasema, "Nitakipigania, Babu. Na wewe usinipige vita."

Naogopa. Mie, ninayeingiza mkono kwenye shimo nisiloliona ndani. Naogopa.

Jumamosi, 14 Agosti

Sindano asubuhi, sindano jioni. Kitambaa kibichi, maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Natamani kuchungulia. Nimezunguka uani mpaka kuku wamenihama. Nilipogusa fundo la kitambaa Mama Saidi kanipiga kofi la mkono.

"Baba Saidi, ukigusa tena nakufunga ukindu kama hao kaa wako!"

Angefanya. Namjua.

Jumatatu, 16 Agosti

Uvimbe umeshuka mpaka kwenye kifundo cha kidole. Daktari kanusa kitambaa, kacheka peke yake. Kibiti hatuendi kwa sasa. "Kwa sasa" yake siipendi.

Jumapili, 22 Agosti

Pembeni ya jeraha kuna ngozi mpya. Nyembamba kama ya yai. Inakuja kutoka pande zote kuelekea katikati. Nimeitazama wakati daktari anabadilisha kitambaa. Inajua pa kwenda. Sikuifundisha mie, wala yeye.

Nimemuuliza kama ndiyo huo umeme. Kasema ndiyo sehemu yake, na mengine hata waliomfundisha hawayajui bado. Nimemheshimu zaidi kwa jibu hilo. Sikumwambia.

Kinawasha sana. Nimeng'ata mto.

Alhamisi, 2 Septemba

Daktari kasema kidole hakikatwi tena. Kitakuwa kifupi, ukucha umeanza na umepinda. Kifungwe bado, kisikauke.

Bamvua. Maji yametoka mbali, matope wazi, mashimo yote yanaonekana. Shomari kapita na fimbo yake. "Twende mwenzangu, wewe nielekeze tu, kazi nafanya mie." Hakuwa na dhihaka.

Mama Saidi alikuwa anapepeta mchele. Kaacha kupepeta, ungo mkononi, kanitazama.

Nimemwambia Shomari atangulie. Nikamwelekeza mashimo ya nyuma ya mto mdogo, yale nisiyomwambia mtu. Kisha nikakaa kivulini, mkono juu ya paja. Ungo ukaanza tena.