Mtani Aliyechelewa Msibani

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Viwanja Sitini yote ni tope, na umeme umekatika ingawa bwawa la umeme la Kidatu ni jirani yetu. Nilitaka kuwaandikia wasomaji wangu juu ya hilo. Leo sina hasira ya kutosha.

Nimetoka Mkula kumwona dada yangu, Felista. Tangu azikwe mumewe, dada halii wala hacheki. Anaitikia shikamoo, anapepeta mchele, basi. Nilianza kuogopa kwamba tunampoteza na yeye.

Kilichokosekana nakijua. Shemeji alizikwa bila watani, watu wa kabila tunalotaniana nalo, ambao kazi yao msibani ni kuwachekesha wafiwa. Maji yalikata barabara, hawakufika. Hakuna aliyelala kaburini akidai nafasi ni yake, hakuna aliyevaa suruali ya marehemu na kuiga mwendo wake. Tukabaki na mshereheshaji mwenye kipaza sauti, na hotuba za watu ambao shemeji aliwakwepa maisha yake yote.

Ule haukuwa msiba. Ulikuwa mkutano wa hadhara.

Sasa, kwenye simu yangu nina albamu ya roki ya bendi ndogo ya ughaibuni, isiyo na kampuni nyuma yake. Magitaa yanakwaruza, mwimbaji ana sauti ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Wapo watakaoniandikia kwamba ni muziki wa shetani. Waandike. Shetani ninayemjua mimi hana ucheshi.

Nikamwekea dada wimbo mmoja, nikamfasiria mstari kwa mstari. Maiti anawalalamikia waombolezaji: jeneza linabana, kiatu kimoja si chake, na anayelia kuliko wote ndiye aliyekaa karibu na sufuria ya nyama.

Dada akaacha kupepeta. "Huyo kabila gani?"

"Mzungu, dada."

"Muongo wewe. Huyo mtani wetu. Kachelewa tu."

Akacheka. Akacheka mpaka mchele ukamwagika, kisha kicheko kikageuka kilio, kile chenyewe tulichokuwa tunakingoja. Mimi ninayebishana hata na redio, nilikaa naye nikiokota mchele.

Namshukuru mtu nisiyemjua, aliyetunga mzaha wake bila habari kwamba kuna mahali panaitwa Mkula. Nashukuru kwamba hakuwa mpole.

Nilipoaga, dada akamfunga jogoo miguu, akanikabidhi. Mtani haondoki msibani mikono mitupu, alisema. Nikamweleza kwamba mwimbaji yuko mbali sana.

"Basi mfikishie, mdogo wangu."

Kesho nitamla kwa niaba yake.